Habari za Kibati, Kutoka Kibati

Ukiondoka Goma kwa barabara ya Rutshuru unapita Munigi, unapita Kanyaruchinya, kisha mwinuko unaanza na mawe meusi ya volkano yanaisogelea barabara kutoka pande zote mbili. Hapo ni Kibati, katika sheferi ya Bukumu, teritori ya Nyiragongo. Mlima wenyewe, wenye mita 3,470, umesimama juu ya paa za nyumba. Watalii waliokwenda kuchungulia ziwa la lava kileleni walianzia safari yao hapa, kwenye kituo cha walinzi wa Hifadhi ya Virunga. Wenyeji wengi hawajawahi kufika huko juu wala hawana haja. Riziki yao iko barabarani: viazi, kabichi, makaa na mbao zinazoteremka kutoka Kibumba kwenda sokoni Goma.

Sehemu kubwa ya mizigo hiyo kwa miaka mingi imebebwa na chukudu. Ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili yaliyovishwa mpira, chenye usukani mpana na kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mwendeshaji hukikanyaga kiwe breki. Akiteremka na magunia ya viazi hupiga goti moja juu ya ubao na kuacha mteremko umchukue. Mwaka 2009 Goma ilimjengea mwendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, na alistahili. Wanaomsifu kwa mizigo, hata hivyo, husahau kwamba alibeba pia habari. Risasi zilizosikika Kibumba alfajiri zilijulikana soko la Virunga kabla ya adhuhuri kwa sababu kuna mtu alizisikia, akapakia viazi vyake, akateremka. Wasikilizaji walimjua kwa sura. Kama juzi aliwadanganya, leo walimpuuza.

Hiyo ilikuwa njia ya kwanza ya habari za Kibati. Ya pili ilikuwa mgeni mwenye kamera.

Wageni hao walifika kwa wingi Julai 1994, wakati Wanyarwanda karibu milioni moja walipovuka mpaka kuingia Goma kwa siku chache na wengi wao wakapandishwa kwenye barabara hii hadi kambi za Kibumba, Katale na Kahindo. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Televisheni za Ulaya na Marekani zilirusha picha za Goma usiku baada ya usiku, na waliopigwa picha hawakuziona. Jambo moja la mwaka ule linafaa kukumbukwa hapa. Waandishi wa Uswisi walianzisha Bukavu redio iliyoitwa Agatashya, iliyozungumza na wakimbizi na wenyeji kuhusu maji, dawa na jamaa waliopotezana. Kutokana na kazi ile lilizaliwa shirika la Fondation Hirondelle, ambalo baadaye lilishirikiana na Umoja wa Mataifa kuanzisha Redio Okapi.

Okapi ilianza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002. Kwa Goma ilichelewa kwa wiki tano na ushei. Alhamisi ya tarehe 17 Januari mwaka huo Nyiragongo ilikuwa imepasuka ubavu wa kusini, nyufa zikashuka kuelekea Munigi, na lava ikaingia mjini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuligawa jiji mapande mawili. Watu wapatao 400,000 walikimbia, wengi kuvuka mpaka wa Gisenyi. Dieudonné Wafula, mtaalamu wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, alikuwa ameziona dalili na kuonya mapema. Onyo lake halikuwa na pa kupitia. Mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD-Goma, na raia aliyetaka kujua yanayotokea nyumbani kwake alitegea matangazo ya Kiswahili ya BBC kutoka London, ya Deutsche Welle kutoka Ujerumani au ya Sauti ya Amerika kutoka Washington. Habari ya moto uliokuwa mita mia chache kutoka kitandani mwake ilimfikia ikiwa imezunguka bahari.

Ukitaka kupima mabadiliko ya vyombo vya habari katika kona hii ya dunia, usianze na kompyuta wala maabara za California. Anza na swali hili: kwa muda gani, na kwa kupitia kwa nani, habari ya Kibati inamfikia mtu wa Kibati?

Mwaka 2008 jibu lilikuwa bado la aibu. Mwishoni mwa Oktoba wapiganaji wa CNDP wa Jenerali Laurent Nkunda waliteremka barabara ya Rutshuru, jeshi la serikali likavunjika, na jioni ya tarehe 29 Nkunda akatangaza kusimamisha vita akiwa kwenye malango ya Goma. Kibati ikawa mstari wa mbele. Askari wa pande mbili walikaa wakitazamana kwa umbali ambao mtu angeweza kuutembea kwa dakika chache, na kando yao zikafurika kambi mbili zenye zaidi ya wakimbizi wa ndani 60,000. Mahema ya plastiki yalikaa juu ya mawe makali ambayo kigingi hakiingii, kwa hiyo kamba zilifungwa kwenye mawe mengine. Tarehe 1 Novemba mawaziri wa mambo ya nje wa Uingereza na Ufaransa, David Miliband na Bernard Kouchner, walifika wakajionea. Wapiga picha wa mashirika makubwa waliishi Goma kwa majuma, wakipanda Kibati asubuhi na kurudi hotelini alasiri kutuma kazi zao.

Katika mandhari yale mtu mmoja alikuwa na sauti: Nkunda. Alipenda simu. Redio za kimataifa zilimpigia naye akajibu, akatoa masharti, akakanusha, akachekesha. Mkimbizi wa Kibati aliyekuwa na redio ndogo ya betri aliweza kumsikia kutoka London yule aliyemfukuza shambani, ambaye wakati huo alikuwa nyuma ya kilima tu. Watu 60,000 wengine waliingia kwenye habari kama idadi.

Mwezi huohuo wa Novemba 2008 lilifanyika jaribio ambalo wachache wanalikumbuka. Mwanzoni mwa mwaka ule, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa wametengeneza Ushahidi, mfumo uliomruhusu mtu yeyote kutuma ujumbe wa simu au barua pepe akieleza alichokiona, na ujumbe ukawekwa kwenye ramani ili kila mtu auone. Ulikuwa uvumbuzi wa Nairobi, na ulizunguka dunia. Mwaka 2010 ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Nkunda alipoizingira Goma, Ushahidi walifungua ramani ya mashariki mwa Kongo. Kwa mara ya kwanza, mtu wa Kibati alikaribishwa kuandika mwenyewe kilichompata.

Ujumbe uliofika ulikuwa mchache. Wavumbuzi hao walikiri hivyo bila kuficha, jambo linalowapa heshima katika fani ambayo kila mradi hujitangaza kuwa umefaulu.

Kwa nini? Mweke mtu yuleyule katika hema lake. Simu, kama anayo, haina moto, na kuichaji kunamlazimu aende kwa mwenye jenereta, alipe, akae akiilinda isipotee. Yuniti za kutuma ujumbe ni pesa ya unga. Namba ya kutuma haijui. Akiijua, hamjui anayepokea. Na akishatuma kwamba askari wamempora mbuzi au wamembaka jirani yake, nani atakuja? Kutoa habari ni kazi, nayo hapa haikuwa na ujira wala jibu, ila hatari ilikuwapo. Katika Nairobi ya tabaka la kati, wenye intaneti ofisini na ndugu zao ughaibuni, mambo yalikuwa tofauti. Kifaa kilekile kikivuka Maziwa Makuu kinakutana na umaskini kwanza ndipo kikutane na watu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walilitambua tatizo hilo wakajaribu njia nyingine kule Kivu Kusini kati ya 2009 na 2011. Mradi wao, Voix des Kivus, haukungoja watu wajitokeze. Ulichagua vijiji 18 na kuwapa simu watu watatu katika kila kijiji: chifu, kiongozi wa kina mama, na mmoja aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe. Gharama zikalipwa. Ujumbe ulifika kwa maelfu: mashambulizi, mafuriko, magonjwa ya mimea, vifo. Hapo ikathibitika kwamba watu walikuwa na mengi ya kusema tangu mwanzo. Lakini swali la hema la Kibati lilirudi kwa sura nyingine, maana watafiti walilazimika kubana nani aone taarifa hizo wasije wakawaponza waliozituma, na wanakijiji waliotarajia msaada walipata zaidi masikio kuliko mikono.

Vita ya waasi wa M23 nitaipitia haraka, maana imeandikwa sana. Goma ilianguka tarehe 20 Novemba 2012, waasi wakatoka tarehe 1 Desemba, lakini hawakwenda mbali. Miinuko ya Kibati ilibaki mikononi mwao hadi mwisho wa Agosti 2013, jeshi la Kongo lilipowasukuma likisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Meja Khatibu Mshindo wa Tanzania aliuawa huko tarehe 28 Agosti, na jina la Goma likaingia katika vyumba vya kulia vya Zanzibar na Dar es Salaam.

Kilichokuwa kipya mwaka ule ni shujaa. Kanali Mamadou Ndala, kamanda aliyeongoza mapigano, alionekana: akiwa na askari wake, akibebwa na umati, akicheka. Picha zake zilitoka simu hadi simu, zikawekwa Facebook, zikabandikwa kwenye pikipiki za wamotari. Julai 2013 uvumi ulipoenea kwamba Kinshasa inamrudisha, watu wa Goma waliandamana kukataa. Aliuawa kwa kuviziwa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na sehemu ya maisha yake ya vita imehifadhiwa katika filamu ya Daniel McCabe, *This Is Congo*. Umaarufu wake haukupangwa na gazeti wala wizara. Uliundwa na watu waliomtaka, wakiwa na simu za bei nafuu, na huo ni uwezo ambao serikali yoyote hupaswa kuuogopa.

Serikali iliuogopa kweli. Goma ilikuwa imezaa mwaka 2012 vuguvugu la vijana la LUCHA, lililodai mambo ya kawaida kabisa, kama maji ya bomba katika jiji lililokaa kando ya ziwa, na lililojua kuitumia mitandao hata kukamatwa kwa wanachama wake kukawa habari ya dunia. Fred Bauma na Yves Makwambala walikamatwa Kinshasa Machi 2015, wakaachiwa Agosti 2016. Jibu la Kinshasa lilikuwa mkasi. Intaneti ilikatwa Januari 2015, ikakatwa tena mwisho wa 2017, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 nchi ilikaa gizani karibu wiki tatu, huku mawimbi ya Redio Ufaransa ya Kimataifa nayo yakizimwa.

Vipindi hivyo vya kukatwa vilifundisha jambo ambalo wapenzi wa teknolojia hawalipendi: redio haikufa. Mtandao ulipozimwa, watu walirudi kwenye masafa ya Okapi na redio za mitaa. Ulipowashwa, redio hizohizo zikaanza kuishi ndani ya WhatsApp. Kilichobadilika ni chanzo cha kipindi. Mtangazaji wa Goma aliamka asubuhi akiwa na makundi ya wasikilizaji, na ndani yake sauti zilizorekodiwa usiku: mtu wa Kibumba akisema magari ya kijeshi yamepita, mama wa Kanyaruchinya akisema bomba la kambi limekauka siku ya tatu. Mtangazaji aliwapigia watu wawili watatu aliowafahamu kule, halafu habari ikasomwa hewani na kumrudia hata yule asiye na simu janja. Kazi ya zamani ya sokoni, ya kumpima msemaji kwa sura yake, ilihamia kwenye sikio: lafudhi, majina ya mahali, sauti za nyuma. Ndivyo habari nyingi za barabara hii zilivyopikwa, na sidhani kama kuna shule ya uandishi inayofundisha ustadi huo.

Kamera nazo zilibadili mikono. Mwaka 2020 mpiga picha Finbarr O'Reilly, aliyewahi kuwa wa Reuters na aliyezipiga picha kambi za Kibati mwaka 2008, alipewa tuzo ya Carmignac afanye kazi Kongo. Korona ikafunga mipaka. Badala ya kungoja, aliigeuza kazi kuwa ya pamoja na wapiga picha na waandishi wa Kongo, ikachapishwa mtandaoni kadiri ilivyofika. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Goma: Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo, Bernadette Vivuya, Pamela Tulizo. Wengi wao leo wanatuma kazi kwa mashirika na magazeti makubwa ya dunia. Mgeni mwenye kamera hakuondoka kabisa, ila sasa jirani yako anaweza kuwa ndiye aliyepiga picha uliyoiona kwenye gazeti la New York, na ukimkuta njiani unaweza kumuuliza kwa nini alikupiga picha ukiwa unalia.

Tarehe 22 Februari 2021, kwenye barabara hiyohiyo, kaskazini mwa Kibati mahali panapoitwa Antena Tatu kwa ajili ya minara yake ya mawasiliano, msafara wa Shirika la Chakula Duniani ulivamiwa. Balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo waliuawa. Siku ileile zilisambaa picha za simu za watu wa pale wakimwinua balozi nyuma ya gari dogo. Dunia ikayajua majina mawili ya Kiitalia. La Milambo, dereva wa msafara, lilichukua muda zaidi, na katika makala nyingi halikufika kabisa. Simu za kijijini zilikuwa zimefikisha picha. Uamuzi wa nani anahesabika bado ulifanywa mbali.

Miezi mitatu baadaye ikaja zamu ya mlima.

Kwanza kejeli moja. Mradi wa Benki ya Dunia uliokuwa ukikisaidia kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata fedha za intaneti ya kupokea takwimu kutoka kwenye vipimo vilivyopandwa mlimani. Muuza makaa wa Kibati alikuwa na mega za WhatsApp. Waliopewa dhamana ya kuusikiliza mlima hawakuwa na mega. Mawasiliano yalirejeshwa kwa msaada wa wafadhili, muda mfupi tu kabla ya maafa.

Jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021, anga la kaskazini mwa Goma liligeuka jekundu. Mkoa ulikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 ya mwezi huo. Katika saa za mwanzo maelezo yaligongana: wengine walisema ni Nyamulagira, ambayo hulipuka mara kwa mara porini bila madhara makubwa, wengine wakasema ni Nyiragongo yenyewe. Ujumbe wa amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, ulirusha ndege kuangalia, ukaweka Twitter video ya jiji lililoangazwa na moto na kuandika kwamba lava haionekani kuelekea Goma. Waziri wa mawasiliano Patrick Muyaya akatangaza, Twitter pia, kwamba mpango wa kuhamisha watu umeanza kutekelezwa. Mtu aliyesoma matangazo hayo mawili angeweza kukaa au kukimbia, na yote mawili yangekuwa utii.

Lava ilikuwa inashuka. Ilitoka kwenye nyufa za ubavu wa kusini, ikapita kwenye vijiji vya upande wa Kibati, ikaikata barabara ya Rutshuru, ikaangusha nyaya za umeme, ikafika Buhene ukingoni mwa jiji na kusimama. Waliokuwa kwenye njia yake hawakuhitaji kusoma popote. Walitoa simu. Video za usiku ule zilifanana: sekunde chache za giza, ukingo mwekundu unaosogea pole, paa la bati linaloanguka, mkono unaotetemeka. Thamani yake haikuwa kwenye picha, kwa sababu giza na moto ni giza na moto popote. Ilikuwa kwenye sauti ya anayeshika simu akitaja alipo, kwa jina la mtaa, la kanisa au la shule. Aliyekuwa Majengo au Virunga akasikia jina analolijua, akahesabu umbali, akabeba watoto. Wengi walikimbilia mpaka wa Rwanda au barabara ya Sake.

Watu zaidi ya 30 walikufa, baadhi yao siku mbili baadaye walipojaribu kuvuka lava iliyoganda juu huku ikitoa gesi. Vifo hivyo ndivyo vinavyonifanya nisiimbe sifa za simu. Video ilieleza kwamba mto wa moto umesimama. Haikueleza kwamba ukoko wake unaua. Kwa hilo alihitajika mtaalamu anayesikika na kuaminiwa, na imani hiyo ilikuwa imetumika yote Jumamosi usiku. Siku zilizofuata, matetemeko yakiendelea, makundi yalijaa hofu ya magma chini ya jiji na ya gesi ya Ziwa Kivu kulipuka. Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe. Mamia ya maelfu wakaondoka kwa siku moja, wengi hata wa mitaa ambayo haikutajwa. Nani angewalaumu? Walikuwa wameshaambiwa mara moja kwamba lava haiji.

Tangu hapo barabara imerudi kwenye vita. M23 ilirejea, ikafika Kibumba mwishoni mwa 2022, na Kanyaruchinya ikawa tena kambi kubwa. Safari hii kila upande ulikuja na jeshi la mtandaoni. Wasemaji wa waasi walitoa matangazo kwa lugha kadhaa saa hiyohiyo ya mapigano. Wafuasi wa serikali nao wakajibu. Picha za maiti za vita vingine zikaletwa kama za jana. Matusi ya kikabila yakapita kwenye makundi ambamo zamani watu walitumiana mialiko ya harusi. Makala nyingi kuhusu ushiriki wa umma huandikwa kana kwamba umma una nia moja njema. Umma wa Kivu una jeraha, una hasira, una jirani unayemshuku, na simu ilivipa vyote hivyo kipaza sauti.

Kipaza sauti kina gharama yake. Edmond Bahati, mratibu wa Redio Maria mjini Goma, alipigwa risasi tarehe 27 Septemba 2024. Tarehe 26 Januari 2025 wakimbizi wa Kanyaruchinya walikunja mahema wakateremkia Goma, waasi wakiwa wameingia Munigi, na usiku ule jiji likaanguka. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Februari, mitandao ya X na TikTok ikawa haifunguki nchini. Tarehe 13 Februari mwanamuziki Delcat Idengo, ambaye nyimbo zake zilienea kwa simu kuliko kwa redio, aliuawa mjini Goma akirekodi video ya wimbo uliowasema watawala wapya. Picha za mwili wake barabarani zilisambaa kwa njia ileile.

Watu wakajifunza kunyamaza kwa namna mpya. Kabla ya kufika kwenye kizuizi cha barabarani mtu anafungua simu, anatoka kwenye makundi, anafuta sauti, anafuta picha, anabakiza za watoto na za ibada. Mwenye simu mbili anaacha moja nyumbani. Vijana wanajua kuzima upakuaji wa picha ili zisijihifadhi zenyewe.

Kwa mwandishi wa historia hii, hapo ndipo mambo yanapopinduka. Kambi za Kibati za 2008, ambazo wakaaji wake hawakuwa na sauti, zimehifadhiwa vizuri: ziko katika maktaba za mashirika ya picha, zina tarehe, zina jina la aliyepiga, na atakayezitaka baada ya miaka hamsini atazipata kwa kulipia. Usiku wa 22 Mei 2021, uliorekodiwa na watu wengi kuliko tukio lolote la nyuma yake katika teritori ya Nyiragongo, umetawanyika kwenye simu zilizoibwa, zilizovunjika, zilizouzwa na zilizofutwa kwa woga, na nakala zilizobaki zimepita mikono mingi hata hakuna anayejua nani alizichukua. Kazi za Ndebo na wenzake zipo, kwa kuwa zilipita kwenye mashirika. Tangazo la MONUSCO nalo lipo, limenukuliwa neno kwa neno katika taarifa za mashirika ya habari ya usiku ule. Wa Buhene aliyesimama mbele ya moto akitaja jina la mtaa wake hakunukuliwa.